Taa ya motere ikiwaka shambani: soma namba mbili mbele ya kununua piesi

Kwenye mashamba yanayozunguka miji ya migodi, trakteri ndogo za leo ziko na kompyuta inayoandika ugonjwa wa motere kwa namba. Namba hiyo inaweza kuokoa musimu wa mahindi. Lakini ikisomwa vibaya, inaweza kumaliza feza ya jamaa yote.

Mwezi wa 11 hauna huruma. Katika Haut-Katanga na Lualaba, mvula ikishaanza, kulima na kupanda mahindi kunafanyika katika majuma machache tu. Mwenyi kupanda nyuma ya katikati ya mwezi wa 12 anajua kama atavuna kidogo. Njo wakati ule ule trakteri, iliyolala kiangazi chote, inaombwa kufanya kazi asubui mpaka magaribi. Na njo wakati ule taa ya rangi ya machungwa inawaka kwenye tablo, motere inapoteza nguvu, na namba inaonekana: 110.03, ao 157.18, ao 3719.16.

Jamaa nyingi za wafanyakazi wa migodi ziko na shamba. Katika 2003, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mupango wa kuondoka kwa hiari, na wengi walirudia jembe ili kulisha watoto. Tangu pale, shamba haiko tena kazi ya kujifurahisha siku ya posho. Ni chakula cha nyumba na minerval ya watoto. Wengine wanakodi trakteri, wengine wanachanga feza na kununua moja ya okazioni, ya nguvu ya farasi 25, 40 ao 75. Ikisimama siku tano, hekta hazilimwe, na yule aliyelipa mbele anaanza kulia feza yake.

Kisha fundi anafika. Anaona namba, anauliza kwa telefone, anaambiwa kama 110 ni joto ya maji ya motere. Anageuka: "Mama, kapteri imekufa, tununue ingine." Feza inatoka, kapteri inaagizwa mbali, inafika nyuma ya juma moja, inafungwa. Taa inawaka tena. Kapteri ya zamani ilikuwa muzima. Nsinga yake njo ilikuwa imekatwa na panya wakati wa kiangazi.

Hapa kuna jambo moja la kushika: kode haisemi piesi gani inunuliwe. Inasema paka mahali kompyuta imeona jambo, na namna gani imeliona. Kazi ya fundi inaanza pale kode inaishia.

Namba mbili, maana mbili

Kwenye trakteri nyingi za leo, kode iko na sehemu mbili zinazotenganishwa na nukta. Ni luga iliyopangwa na shirika la SAE la Marekani katika kanuni inayoitwa J1939. Sehemu ya kwanza, SPN, inasema ni kipimo gani: 100 ni presio ya mafuta ya kulainisha motere, 110 ni joto ya maji, 157 ni presio ya mazutu mbele ya injekteri, 168 ni volti ya batri, 190 ni mwendo wa motere. Sehemu ya pili, FMI, inasema ni ubaya gani umeonekana. FMI zinaanza kwa 0 na kuishia kwa 31, hazipite pale.

Papa anayefanya kazi kwenye garaji ya mugodi hatashangaa. Ni luga ile ile ya motere kubwa za kamyo na jenerateri za kampuni, za Cummins kwa mufano, na za mashini nyingi za karieri. Mutu aliyejifunza kusoma kode kwenye mashini ya tani mia anaweza kusoma ile ya trakteri ya nyumba. Ujuzi wa mugodi unaweza kutumika shambani, na jamaa nyingi ziko nao ndani ya nyumba bila kujua.

Trakteri zingine zinaandika kode inayoanza na herufi P, sawa gari ndogo. P0118 na 110.03 ni ndugu, vilevile P0117 na 110.04. Zingine za zamani kidogo haziandike kitu: taa inapepesa, unahesabu mipepeso, unangoja, unahesabu tena. Na kama motere iko na pompi ya zamani isiyo na kompyuta, usitafute kode, haiko nayo. Kitabu cha trakteri yenyewe njo kinasema namna ya kuzionyesha, na kinapita maneno ya mutu yeyote wa barabarani.

Namba ya pili njo inaamua

Watu wengi wanasoma namba ya kwanza na kuacha ya pili. Njo pale feza inapotea. Hizi njo FMI zinazoonekana mara nyingi:

0: kipimo ni cha kweli, kimepita juu sana, hatari.
1: kipimo ni cha kweli, kimeshuka sana, hatari.
15 na 16: kimepita juu kidogo, kisha zaidi.
17 na 18: kimeshuka kidogo, kisha zaidi.
2: kipimo kinarukaruka, hakieleweki.
3: volti kwenye nsinga iko juu kuliko inavyoweza kuwa.
4: volti iko chini kuliko inavyoweza kuwa.
5: umeme unapita kidogo mno, ao njia imekatika.
6: umeme unapita mno, ao nsinga imegusa masi.
7: mashini haifuate amri, kitu kimekwama.

Sasa ona tofauti. 110.00 inasema: maji yamechemka kweli, zima motere. Fundi ataangalia maji, mukanda, radiateri iliyojaa majani na vumbi, termostati. Lakini 110.03 haiseme kama maji ni ya moto. Inasema: umeme wa kapteri hii hauko sawa. Fundi ataangalia nsinga na prizi mbele ya yote. Namba ya kwanza ni moja, lakini kazi ni mbili tofauti kabisa. Yule anayefungua radiateri ju ya 110.03 anapoteza siku; yule anayeendelea kulima na 110.00 anapoteza motere.

Batri mbele ya yote

Kama kode tano ao kumi zinatoka mara moja, za vitu visivyohusiana, usianze na yoyote. Anza na batri. Kompyuta isiyopata umeme wa kutosha inaona vibaya kila mahali.

Batri ya volti 12 iliyopumzika, ikijaa vizuri, inaonyesha karibu volti 12,6. Motere ikizunguka, alternateri inapaswa kuipandisha karibu 13,8 mpaka 14,4. Wakati wa kuwasha, ikishuka chini ya volti 10, batri imechoka ao nsinga zake zimeliwa na kutu. Kisha weka ncha moja ya multimetri kwenye upande wa masi wa batri na ingine kwenye chuma cha motere, mutu mwengine awashe. Ikipita nusu volti, masi ni mbaya: fungua, kwangua, kaza. Dawa hii haiombe feza, na inaponyesha magonjwa mengi.

Kuna hatari moja ya kwetu, miji ya migodi. Kamyo na mashini kubwa ziko na volti 24. Trakteri ndogo iko na 12. Mutu anayeleta kamyo ya kazi na kufunga nsinga zake kwenye batri ya trakteri ili kuiwasha anaweza kuunguza kompyuta ya motere kwa sekunde moja. Kompyuta ile ni kati ya piesi za bei kali sana kwenye trakteri ndogo. Ni vilevile kwa kusudura: mbele ya kusudura jembe ao chuma chochote kwenye trakteri, fungua batri, na ufuate kitabu kama kinaomba kutenga pia prizi za kompyuta. Na usipige maji ya presio kali kwenye prizi.

Mufano: 110.03, hatua kwa hatua

Kapteri nyingi za joto ya maji ziko na nsinga mbili. Kompyuta inatuma volti 5 kwenye moja; ingine inarudi kwenye masi. Kapteri ikiwa baridi, inazuia umeme sana na volti inabaki juu. Ikipata moto, inaupitisha na volti inashuka. Nsinga ikikatika, volti inabaki 5. Kompyuta inaelewa kama hakuna maji ya baridi namna ile duniani, na inaandika 110.03. Nsinga ikigusa chuma, volti inaanguka kwenye 0, na inaandika 110.04.

Kutoka pale, hatua ni hizi. Kwanza, zima kontakte na ufungue prizi ya kapteri. Angalia ndani: kutu ya kijani, maji, mafuta, pini iliyorudi nyuma. Fuata nsinga kwa mukono mpaka pale inapogusa chuma ao inapopita karibu na moto. Mara nyingi ugonjwa unaonekana kwa macho.

Pili, kama hakuna kitu, pima kapteri yenyewe kwa omu. Kwa kapteri nyingi za namna hii, motere ikiwa baridi unapata omu elfu mbili ao tatu. Ikiwa ya moto, mia chache tu. Ikionyesha njia imekatika kabisa, kapteri njo mubaya. Hapo unaweza kununua bila wasiwasi.

Tatu, kama unataka hakika zaidi: prizi ikiwa imefunguliwa, unganisha pini mbili za upande wa nsinga kwa kipande cha nsinga chenye fuzi ndogo, kisha weka kontakte. Kode ikigeuka kutoka 110.03 kuwa 110.04, nsinga na kompyuta ni wazima, ubaya uko kwa kapteri. Ikibaki 110.03, ubaya uko kwa nsinga ao mbali zaidi, na kapteri mupya haitasaidia kitu. Lakini sikia vizuri: jaribio hili ni la kapteri ya nsinga mbili peke yake. Kwa ile ya nsinga tatu, sawa ya presio, usiunganishe pini kwa kubahatisha. Unaweza kuleta ugonjwa mupya.

Mazutu ya bidoni

Kode za mazutu zinapenda musimu wa mvula. 97 inasema kama maji yameonekana ndani ya mazutu. 94 ni presio ya mazutu mbele ya pompi kubwa. 157 ni ile presio kali inayongoja kwenye bomba la injekteri. Ukiona 157 pamoja na 17, 18 ao 1, usikimbilie kununua pompi ao injekteri. Mara nyingi pompi kubwa haina kosa; haipate tu chakula.

Anza na vitu vya bei ndogo. Toa maji kwenye filtri ya kutenga maji. Angalia kama filtri iko nyeusi. Legeza kifuniko cha tanki: kama motere inapata nguvu tena, tundu la pumuzi la kifuniko limezibwa na vumbi. Tafuta mahali hewa inaingia, kwenye mupira uliokauka ao kikazio kilicholegea kati ya tanki na pompi. Mazutu ya bidoni iachwe itulie, na imiminwe kupitia kitambaa safi ao filtri. Chini ya bidoni kunabaki maji na muchanga.

Lakini hapa desturi ya zamani inaua. Kwenye motere za zamani, fundi alilegeza bomba la injekteri wakati motere inazunguka, na kuona kama mazutu inaruka. Kwenye motere ya kompyuta yenye bomba la pamoja, presio inapita bar 1 000. Mazutu inayotoka kwa tundu dogo inatoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda kinaonekana kidogo sawa kuumwa na mududu, lakini mukono unaweza kukatwa. Usilegeze bomba lile motere ikizunguka, usitafute kuvuja kwa vidole. Mutu akitobolewa, apelekwe hospitali saa ile ile, na aseme wazi kama ni mazutu ya presio.

Kode za kusimamisha kazi

Kuna kode ambazo hazina mazungumzo. 100.01 inasema kama presio ya mafuta ya motere imeshuka mpaka hatari. Zima pale pale, hata kama mustari umebaki nusu. Angalia kipimo cha mafuta. Kama mafuta iko sawa, fundi afunge manometri ya kawaida pahali pa kapteri na apime presio ya kweli mbele ya motere kufanya kazi tena. Manometri ikionyesha presio nzuri, kapteri ilidanganya na shamba linaendelea. Ikionyesha mbaya, umeokoa krankshafti. 110.00 ni vilevile: zima, ngoja ipoe, usifungue radiateri ya moto.

Taa nyekundu ni ya kusimama. Taa ya machungwa inakuachia wakati wa kufikiri, lakini haikuachie musimu mzima.

Kama vipimo vingi vinapotea mara moja na kode 639 inatoka, kompyuta za trakteri hazisikilizane. Kwenye trakteri zenye prizi ya mviringo ya pini tisa, kata batri, kisha pima omu kati ya pini C na D. Unapaswa kupata karibu 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya omu 120, kimoja kila ncha ya njia. Ukipata 120, kimoja kimepotea ao njia imekatika. Ukipata karibu na 0, nsinga mbili zinagusana. Kipimo kimoja cha dakika mbili kinaonyesha upande wa kutafuta.

Mbele ya kununua trakteri ya okazioni

Tangu 2013, motere mupya za mazutu za Marekani zenye nguvu ya farasi 25 mpaka 75 zilipaswa kutoa moshi musafi zaidi, na nyingi ziliwekewa filtri ya masizi kwenye bomba la moshi. Njo sababu moja viwanda vinauzisha trakteri nyingi za nguvu ya farasi 24 na kitu, ili zibaki chini ya mupaka. Trakteri hizi zikizeeka kule zinauzishwa, na zinaweza kufika hata kwetu.

Filtri ile inaomba mazutu yenye salfa kidogo sana. Kule Marekani mupaka ni sehemu 15 kwa milioni. Ikijaa masizi, kode 3719 inatoka: kwanza na 15, kisha 16, kisha 0, na motere inakatwa nguvu kidogo kidogo. Ikiwa 15 ao 16, mara nyingi trakteri inaweza kujisafisha yenyewe kwa kuchoma masizi, kama kitabu kinavyosema. Wakati ule moshi unafika karibu digrii 600: simama pahali pa udongo mutupu, mbali na nyasi na maganda ya mahindi. Motere inayoachwa kuzunguka polepole saa nzima bila kazi inajaza filtri haraka. Kwa hiyo, mbele ya kulipa trakteri ya okazioni, uliza kama iko na filtri ile, na mutu gani hapa kwetu anaweza kuishugulikia.

Kalamu mbele ya ufunguo

Fundi mwenyi kufuta kode mbele ya kuziandika anafuta ushahidi. Kwenye mugodi, timu inayotoka inaachia timu inayoingia karatasi yenye saa za mashini na yote yaliyotokea. Trakteri ya shamba inastahili daftari ileile: tarehe, saa za kazi kwenye konteri, kode zote na namba zake mbili, na trakteri ilikuwa inafanya nini: kupanda mulima, kulima udongo muzito, ao kusimama tu. Tenga kode zinazoishi sasa na zile za zamani zilizobaki kwenye kumbukumbu. Ukishaandika, futa, fanya kazi nusu saa, angalia ile inayorudi. Ile njo ya kutafuta.

Multimetri ndogo inanunuliwa kwa bei iliyo chini sana ya kapteri moja iliyonunuliwa bure. Kikundi cha shamba kikiwa na multimetri, daftari na kitabu cha trakteri, tayari kiko mbele ya garaji nyingi.

Na siku fundi anasema "tununue", mwenyi feza aulize maulizo matatu, kwa heshima na bila aibu: "Fundi, kode ni namba gani na gani? Umepima nini? Na kipimo kilionyesha nini?" Fundi muzuri atajibu kwa namba. Kama jibu ni paka "taa imewaka", feza ibaki kwanza mufukoni, na kazi ya kupima ianze.